Kuopoa madema kwa mkono Mombasa: boti ndiyo ifanye kazi, si mgongo

SWALI: Ami, shikamoo. Sisi ni marafiki wanne hapa Mombasa, na Jumapili hutoka na boti yetu ya faiba ya futi 19 yenye injini moja ya nyuma. Binamu yangu aliyeko Seattle amenitumia video akivuta mitego ya kamba wa kuliwa kwa mkono na wenzake kutoka maji marefu, na kila mtego unapanda na kamba wakubwa wekundu. Nasi tunataka kamba wa namna hiyo. Tuliazima madema mawili, ile mitego ya fito ya kuvulia samaki, tukayatega saa nne asubuhi kwenye maji ya mita 7, kila moja na kamba ya mita 10. Ilikuwa Jumapili baada ya mwezi kuandama. Tuliporudi saa kumi alasiri tuliona chilezo (boya la kuonyesha dema lilipo) kimoja tu. Tukaopoa lile dema, ndani hamna kitu, na mwenzetu akaumia kiuno akiliingiza botini. Tumekosea wapi? Na je, tununue mashine ya umeme ya kuvutia? Siku ile kamba tulimwachia mtu mmoja, na mwenye sukani akazima injini tusimsumbue anayevuta.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mwenzako. Asiguse dema mpaka kiuno kitulie kabisa, na maumivu yakishuka mguuni aende hospitali asingoje.

Nianze na hao kamba wenyewe, kwa sababu mkikosea mnyama, hata mkivuta kwa ufundi gani mtapandisha mtego mtupu. Kamba anaowavua binamu yako ni wa maji baridi ya Pasifiki ya Kaskazini. Wataalamu huwaita Pandalus platyceros. Hukaa kwenye majabali ya chini, aghalabu mita 50 hadi 100 na zaidi, huishi kama miaka minne, na kila mmoja huanza maisha akiwa dume kisha akageuka jike. Hutembea chini wakitafuta mizoga, hufuata harufu, na ndipo huingia wenyewe kwenye mtego wenye chambo. Na hata huko hakuna kuvua upendavyo. Katika jimbo la Washington mvuvi wa kujifurahisha ana mitego miwili tu, boti nzima haizidishi minne, kila mtu ana kamba 80 kwa siku, na msimu wa Puget Sound hufunguliwa siku chache, kwa saa za kuhesabu. Video haikukuonyesha hayo.

Kamba wetu wana tabia nyingine. Walio wengi sokoni ni kamba weupe, Penaeus indicus, na wale wakubwa wa milia, Penaeus monodon. Hawa ni wakazi wa tope. Watoto wao hukulia mikokoni, wakipevuka hutoka kwenye maji ya wazi yenye chini laini. Ndiyo maana uvuvi wao mkubwa nchini uko kuanzia Malindi hadi Ghuba ya Ungwana, ambako mito Sabaki na Tana humwaga matope yake, wala si hapa kwetu penye matumbawe. Mchana wengi hujifukia, usiku hutoka, na chakula chao hukiokota pale pale topeni, kwa hivyo dema lenye chambo haliwashughulishi. Wavuvi wa Ngomeni na Kipini huwavua kwa nyavu. Wanayajua madema vizuri sana, ila wanajua pia kwamba kamba wao hawaingii.

Kamba wa kina kirefu wapo pia katika Bahari ya Hindi ya magharibi, kati ya mita 200 na 600 hivi, na Msumbiji huwavua kwa meli zinazokokota nyavu. Hapa Mombasa chini hushuka upesi ukishavuka mwamba, kwa hivyo hamtakwenda mbali kufika kina hicho. Lakini mtego ulioko mita 300 unataka kamba ya mita 400 na kitu, na bahari ya nje si mahali pa boti ya futi 19 yenye injini moja, ikiwa imefungwa kwenye kamba ndefu namna hiyo huku mawimbi yakija ubavuni. Hilo liacheni. Wala mtu asiwashawishi kukokota chandarua mikokoni kutafuta kamba wadogo. Mnayemwinua humo ni mtoto wa kila samaki mnayempenda.

Kwa hivyo tegeni madema ya samaki ndani ya mwamba, au mitego ya kaa kwenye hori. Hiyo ndiyo kazi ya maji yenu, na raha mliyoiona kwenye video, ya kutojua kinachopanda mpaka kionekane, iko humo humo.

Sasa chilezo kilichopotea. Najua mmeshuku wezi. Tazameni kwanza maji. Mwezi ukiandama huwa bamvua, yaani maji hujaa na kutoka kupita siku nyingine, na Mombasa maji ya bamvua hutoka kabisa karibu na saa nne na kujaa karibu na saa kumi. Nyinyi mlitega saa nne, maji yakiwa chini kabisa, mkapima mita 7. Bamvua kubwa hapa huinua maji karibu mita 4. Mliporudi saa kumi dema lilikuwa kwenye mita 11 na kamba yenu ni ya mita 10. Chilezo kilikuwa chini ya maji, pengine mkipita juu yake. Kile kingine kilionekana, nadhani, kwa kuwa dema lake lilikaa kwenye kichuguu cha mwamba. Rudini pale pale maji yakiwa yametoka, mtu mmoja asimame omo, mbele ya boti, avae miwani ya jua, mtazame polepole. Likipatikana, mrudishieni mwenyewe. Likikosekana, mlipeni, maana dema ni kazi ya siku kadhaa za mikono ya mtu.

Hesabu ya urefu wa kamba ya dema ni hii: chukueni kina cha maji yakiwa yametoka, ongezeni mita 4 za bamvua, kisha ongezeni nusu ya jumla hiyo kwa ajili ya mkondo unaoilaza kamba. Kwenye mita 7 zenu mnapata 11, na nusu yake ni 5 na ushei, basi kateni mita 17. Unene uwe milimita 10 hadi 12. Kamba nyembamba ya milimita 6 ina nguvu ya kutosha, lakini inakata viganja. Kamba ya plastiki inayouzwa kwa wingi madukani huelea, na maji yakitoka ile ziada hutanda juu ikingojea propela, yenu au ya mtu mwingine. Funga risasi ndogo au kijiwe kwenye theluthi ya juu ya kamba, ili ziada inyooke kwenda chini. Chilezo kiwe mtungi wa lita 5 uliofungwa vizuri, wenye rangi kali, na mwandike namba ya boti.

Mtatega wapi? Kabla ya kutazama ramani, nendeni mkaonane na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, pale mnapotokea, mkae nao mkiwa na adabu ya wageni hata kama mmezaliwa mtaa wa pili. Kwenu ni Jumapili ya mapumziko, kwao ni ada ya shule. Watawaonyesha pasipo na madema ya watu na pasipopitwa na nyavu. Kuna mahali pasipo mjadala: Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa 1986. Sehemu ya ndani kabisa, mbele ya Nyali na Bamburi, hairuhusiwi kuvua chochote. Sehemu inayoizunguka inaruhusu zana za jadi, na dema ni mojawapo, lakini mipaka muulizeni askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, msikisie kwa macho. Njia ya meli ya Kilindini na mapito ya feri ya Likoni msiyakaribie na mtego. Kwa kaa, hori za Port Reitz, Tudor na Mtwapa zinafaa, kando ya mikoko, maji yakijaa. Tudor inaingiwa na maji taka ya mji, kwa hivyo kaa wa huko mpikeni hadi aive sawasawa. Leseni ya uvuvi mtaipata idara ya uvuvi ya Kenya chini ya sheria ya 2016, na boti isajiliwe KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya. Fanyeni hayo kabla ya dema la kwanza.

Haya, kuvuta. Niliposoma kwamba mlimwachia mtu mmoja kamba na mwenye sukani akazima injini, "tusimsumbue anayevuta" kama ulivyoandika mwishoni mwa ujumbe wako, nilijua kiuno kimeanzia wapi. Boti ya futi 19 ikiwa na watu wanne na mafuta inapita tani moja kwa urahisi. Mkondo ukiisukuma, anayevuta kamba halivuti dema tena, anaivuta boti nzima dhidi ya mkondo kwa mgongo wake. Kazi ya kuipeleka boti hadi juu ya dema ni ya injini. Mkono unapaswa kukusanya tu kamba iliyokwisha kulegea, mpaka isimame wima. Wima ikisimama, ndipo mnaanza kuinua, na kinachoinuliwa hapo ni dema peke yake.

Namna yake ni hivi. Mkikaribia, simameni mbali kidogo mkitazame chilezo. Kamba huelekea mkondo unakokwenda, kwa hivyo dema liko upande mkondo unakotoka. Mwenye sukani azunguke aje kutoka chini ya mkondo, omo ikiutazama, mwendo wa mtu anayetembea. Upepo ukiwa na nguvu kuliko mkondo, omo iutazame upepo. Chilezo kipite kwenye bega la omo, upande wa mwenye sukani ili akione. Wa kwanza, ndiye mvutaji, akiopoe kwa mti wenye kulabu, asiinamie kwa mkono. Kamba ikishashikwa, yeye anyooshe mkono kuelekea kamba inakokwenda, maana ndiye pekee anayeiona inavyoingia majini. Mwenye sukani afuate mkono huo: gia kidogo, atoe, gia kidogo, atoe. Kamba ikielekea nyuma kwenye propela, mvutaji aseme "toa!" na injini itolewe gia papo hapo. Neno hilo moja mkubaliane nalo pwani kabla ya kuondoka, na wawili tu ndio waongee. Wengine wanyamaze hata kama wana la maana.

Kamba ikiwa wima, anayevuta asimame magoti yakiegemea ukingo wa boti, miguu imepanuka, mgongo umenyooka, mikono ikifanya kazi baina ya kiuno na kifua. Avute mkono baada ya mkono, mivuto mifupi. Bahari yenyewe itamsaidia akiisikiliza. Wimbi likiishusha boti, kamba hulegea, basi akusanye haraka. Likiipandisha, ashike tu, asishindane nalo. Wageni hufanya kinyume, huvuta kwa nguvu boti inapopanda, na hapo huinua dema pamoja na uzito wa wimbi. Wa pili akae nyuma yake, apokee kamba na kuilaza kwenye beseni kubwa, duara juu ya duara, isitapakae chini penye miguu. Wa tatu akae ubavu wa pili kuweka mizani. Watu watatu wakikimbilia upande mmoja kutazama kilichomo demani, boti ndogo huinama, na wimbi moja la ubavuni linatosha kuwamwaga.

Kamba isizungushwe kwenye kiganja wala kifundo cha mkono. Hata mara moja, hata mtu akiwa amechoka na dema limebaki mita mbili. Boti ikipanda ghafla, mzunguko huo hukaza na hakuna nguvu ya kuufungua. Vaeni glavu zenye mpira kiganjani, mkamate kwa vidole vyote, na kila dema moja abadilishwe mvutaji. Aliye hodari kuliko wote ndiye anayehitaji kuambiwa hivyo.

Dema likifika juu ya maji, simameni. Hapa ndipo mwenzenu alipoumia, na karibu kila mtu huumia hapa. Jiwe la kilo 10 la kulizamisha dema likiwa chini ya maji lina uzito wa kama kilo 6, kwa sababu maji yanalibeba. Likitoka tu, kilo zote hurudi mara moja, na fito za dema zilizolowa nazo zimejaa maji. Mvutaji aliyezoea uzito wa chini huinama nje ya ukingo, mikono imenyooka mbele, na kulinyanyua kwa kiuno. Msifanye hivyo. Lilazeni dema kwenye ubavu wa boti nusu likiwa majini, mhesabu hadi kumi maji yachuruzike. Kisha watu wawili, kila mmoja na pembe yake, waliinamishe ukingoni na kuliviringisha ndani, bila kulinyanyua hewani. Ukingo wafungieni kipande cha bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, dema liteleze juu yake, faiba isikwaruzike na fito zisikatike. Wa tatu naye abaki ubavu wake mpaka dema liwe ndani kabisa.

Msivutie tezi, nyuma ya boti, hata siku moja. Huko ndiko boti ilikokaa chini zaidi kwa uzito wa injini, na ndiko propela iliko. Mawimbi mawili yakiingia kwa nyuma huku kamba imekaza, mtakuwa mkifua maji badala ya kuvua samaki.

Dema likinasa mwambani, kutakuwa na mmoja wenu atakayesema tufunge kamba tuivute kwa injini. Mkataze. Kamba iliyofungwa ubavuni, boti ikipanda na wimbi, huuzamisha ubavu huo. Kwanza mzungukieni dema mlivute kutoka upande wa pili. Likikataa, acheni chilezo mrudi mkondo ukigeuka. Mara nyingi litatoka lenyewe kwa sababu mkondo umelivuta kwa upande mwingine. Ikiwa lazima mtumie injini, kamba ifungwe omo peke yake, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kisu kiwe wazi mkononi mwa mtu, na kila mtu amekaa.

Kurudisha dema majini ni kwepesi, ila ndiko ajali nyingi za miguu hutokea. Linatangulia dema, kamba inafuata kutoka kwenye beseni, chilezo kinamalizia, na boti inasogea taratibu kufuata mkondo unakokwenda. Hakuna mguu ndani ya beseni, hakuna anayeishika kamba inapokimbia.

Kuhusu siku, chagueni maji mafu, siku saba au nane baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Maji hupanda na kushuka kidogo, mkondo ni mpole, na mnaopoa bila haraka. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ni msimu wenu. Juni hadi Agosti kusi likipamba moto, wavuvi wenye uzoefu wenyewe huchagua siku zao, nanyi mkae nyumbani.

Dema tupu mlilolivuta halinishangazi pia. Saa sita za mchana hazitoshi. Litegeni jioni mlifuate asubuhi, au likae usiku mzima na nusu siku. Chambo cha tafi na pono ni mwani na vitu vya baharini vilivyopondwa, na changu hupenda vichwa vya samaki. Liwekeni mchangani kando ya mwamba au kwenye majani ya bahari, mlango ukielekea mkondo unakokwenda, harufu itoke kupitia mlango huo. Msilitupe juu ya matumbawe hai.

Mkifungua, tazameni kabla ya kuingiza mkono. Mkunga hupenda kujikunja pembeni akiwafuata samaki walionaswa, na meno yake hayaachi. Bunju rudisheni majini, ana sumu inayoua na hakuna mapishi yanayoiondoa. Miiba ya tafi ikikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na maumivu yatapungua. Kaa jike mwenye mayai arudi majini, na mtego wowote wa waya uwe na mlango uliofungwa kwa uzi wa katani au kamba ya kumbi. Mtego ukipotea, uzi huo huoza na mlango hufunguka, la sivyo waya itaendelea kuua miezi na miezi bila mlaji. Washington wanaudai uzi wa pamba unaooza kwa mujibu wa sheria. Sisi tuufunge hata bila kudaiwa. Ombeni pia fundi wa madema aache mwanya mwembamba wa kama sentimita 3 kwenye pembe. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, na Wildlife Conservation Society wameyajaribu madema ya mwanya katika maji yetu: wadogo hutoka, wakubwa hubaki, na mvuvi hakupata hasara.

Mashine ya umeme msinunue. Binamu yako akiwa na mtego kwenye mita 90, nguvu za mashine zina maana, ingawa hata huko wengi huvuta kwa mikono. Nyinyi mna mita 11 maji yakiwa yamejaa, na madema manne mkijaliwa. Mashine itaongeza uzito upande mmoja, itanyonya betri ya kuwashia injini, na itavuta bila kujua kwamba dema limenasa. Kama kiuno cha mwenzenu kitabaki na wasiwasi, tieni kapi la kawaida kwenye mhimili mfupi wa chuma uliofungwa imara karibu na bega la omo. Kamba ikipita juu ya kapi, mvutaji huvuta kwa kushuka badala ya kuinua, na hilo kiuno hulipokea vizuri zaidi. Fedha itakayobaki nunueni jaketi nne za kuokolea zinazowakaa vizuri, mzivae kuanzia pwani, nanga ya akiba yenye kamba yake, na upo wa kufulia maji. Na kabla ya kutega lolote, nendeni Jumapili moja na chilezo kitupu kilichofungwa kwenye jiwe, mkifuate na kukiokota mpaka mwenye sukani aweze kukileta kwenye bega la omo bila mtu yeyote kupaza sauti.